Marehemu Louis Leakey na Mifupa ya Tendaguru

Watu wengi walitajapo jina la Dk. Louis Leakey hufikiri mara moja juu ya Olduvai. Ni haki, walakini shule yake ya kwanza ya kuchimba mifupa haikuwa Olduvai, bali Tendaguru, kilima kilichoko bara nyuma ya mji wa Lindi. Habari hiyo twaona haisimuliwi vya kutosha.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, Kenya, mwana wa wamisionari Waanglikana. Alikua pamoja na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama wao wenyewe, hata alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge aliomba Kikikuyu kihesabiwe katika masomo yake, nacho kikakubaliwa. Nia yake ilikuwa kurudi Afrika kuhubiri Injili kama baba yake. Mwaka 1923 akaumia kichwa katika mchezo wa raga, na daktari akamwamuru aache vitabu kwa muda.

Wakati huo Makumbusho ya Uingereza yalimhitaji mtu ajuaye Afrika, amsaidie Bwana William Cutler, mchimbaji aliyetoka Kanada, ambaye hakuwa amefika huku kamwe. Akachaguliwa kijana huyu wa miaka 20. Mwaka 1924 walifika Lindi, naye Leakey akatangulia Tendaguru kusimamisha kambi.

Huko alijifunza kwa kutazama na kutenda. Mfupa uliolala ardhini miaka ipatayo milioni 150 huonekana mgumu kama jiwe, kumbe umejaa nyufa. Ukiunyanyua kwa pupa wabaki na kokoto mkononi. Sharti uchimbe pembeni polepole, uupanguse udongo, kisha uufunge kwa gunia lililochovywa katika plasta, ungoje ikauke. Ni kazi ya saburi, wala haimfai mtu apendaye kusifiwa jioni ileile.

Wala hawakuwa wa kwanza. Toka 1909 hata 1913 Wajerumani, chini ya Janensch na Hennig, walikuwa wamechimba hapo mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, waitwao dinosaria. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, na watu ambao miaka michache tu nyuma walikuwa wamepita katika moto na njaa ya vita vya Maji Maji. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Yule mjusi asimamaye Berlin, mwenye kimo kipitacho mita 13, alitoka mikononi mwao. Nasi twaona jina la Boheti lastahili kujulikana kama ya wataalamu wenyewe.

Leakey akarudi masomoni. Cutler akabaki, na Agosti 1925 malaria ikamwua huko Lindi.

Mhubiri, basi, Leakey hakuwa. Mwaka 1931 alikwenda Olduvai pamoja na Hans Reck, ambaye naye alikuwa amechimba Tendaguru. Baada ya miaka mingi ya kazi, tarehe 17 Julai 1959, mkewe Mary aliliona fuvu liitwalo Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo milioni moja na robo tatu. Mwaka uliofuata Leakey alimpeleka Jane Goodall huko Gombe kuchunguza sokwe.

Twajua wako wazazi waogopao mtoto wao asomapo mambo haya, wasije wakampoteza. Baba Mtakatifu Pius XII, katika waraka wake wa mwaka 1950, hakuwakataza wataalamu kuchunguza asili ya mwili wa mwanadamu. Alilolishika ni kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe bila kupitia kitu kingine. Mtoto aulizaye habari za mifupa na ajibiwe kweli, asifukuzwe.

Palipo na lawama katika maisha ya Leakey, si kwenye mifupa tutakapoiona. Mke wake wa kwanza, Frida, alimwacha na watoto wawili wadogo, akamwoa Mary mwaka 1936. Sifa za Olduvai hazilifuti jambo hilo, wala sisi hatuwezi kulipita kimya katika gazeti lisomwalo na jamaa za Kikristo.

Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Maiti yake ilirudishwa Kenya, akazikwa Limuru, karibu na makaburi ya wazazi wake.