KABAKA MUTESA WA PILI, MFALME ALIYEKUWA RAIS

Watu hubishana mara nyingi: je, ni heri kutawaliwa na mfalme au na rais wa kuchaguliwa? Huko Uganda mtu mmoja alishika vyeo vyote viwili kwa wakati mmoja, na maisha yake yatufaa kuyatafakari.

Edward Mutesa alizaliwa mwaka 1924, mjukuu wa Kabaka Mwanga, ambaye katika siku zake Askofu Hannington aliuawa. Baba yake, Daudi Chwa, alipofariki mwaka 1939, kijana huyu wa miaka 15 alirithi kiti cha Buganda. Alisoma Budo, Makerere na Cambridge.

Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimpeleka Uingereza kwa nguvu, kwa kuwa alitaka Buganda ijitenge na sehemu nyingine za Uganda. Waganda waliomboleza kama waliofiwa. Wanaume wengine waliacha kunyoa ndevu mpaka arudi. Hakuna aliyempigia kura, lakini walimhesabu kuwa baba yao. Mwaka 1955 alirudishwa, akiwa mfalme wa kikatiba.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Mwaka mmoja baadaye Bunge lilimchagua Mutesa kuwa Rais, bila kuacha ukabaka. Waziri Mkuu, Milton Obote, ndiye aliyeendesha serikali.

Novemba 1964 wakazi wa Buyaga na Bugangaizi, wilaya ambazo Waingereza walizitoa Bunyoro wakazitia Buganda, walipiga kura kurudi Bunyoro. Rais alitakiwa kutia sahihi. Lakini Rais huyo ndiye Kabaka, na watu wake walimtazamia ailinde ardhi yao. Alikataa. Wazee husema mshika mawili moja humponyoka. Yeye yalimponyoka yote mawili.

Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba, akamwondoa katika urais. Tarehe 24 Mei jeshi lilishambulia jumba lake la Mengo. Alitoroka, akafia London Novemba 1969, mwenye umri wa miaka 45.

Mwaka 1967 falme zote zilifutwa na Uganda ikawa jamhuri. Je, raia walipata nafuu? Uchaguzi mkuu haukufanyika hadi mwaka 1980, na katikati, Januari 1971, Idi Amin alitwaa nchi kwa bunduki. Jina la jamhuri peke yake halikumlinda mtu.

Mwaka 1993 ukabaka ulirudishwa bila mamlaka ya siasa, na mwanawe Mutesa, Ronald Mutebi, akatawazwa.

Basi mfalme aweza kuwaunganisha watu wake kwa heshima na desturi. Lakini kuamua ugomvi wa ardhi kati ya watu wake na jirani zao ni kazi ya mtu asiye na upande, ambaye raia waweza kumwondoa kwa kura akikosea. Nasi tuchaguapo viongozi, hata wa halmashauri ya kanisa, tuulize kwanza: siku faida ya kwao itakapopingana na faida ya wote, huyu atamtumikia nani?