Mtoto wa mtunza bustani aliyeipeleka gofu ukurasa wa mbele

Wadau, gofu ilipoenea Marekani miaka ya 1890, habari zake magazetini zilikaa karibu na zile za harusi na sherehe za matajiri. Nani kavaa nini, nani kaonekana klabuni. Matokeo yenyewe mistari miwili mitatu, basi.

Aliyegeuza mambo, kwa maoni yangu, ni Francis Ouimet. Alizaliwa 1893 huko Brookline, Massachusetts, nyumba ikitazamana na klabu ya gofu. Baba mtunza bustani, mhamiaji kutoka Kanada. Francis alianza kwa kubeba mifuko ya fimbo za wenye nazo.

Septemba 1913 US Open ikachezwa palepale mbele ya kwao. Waingereza Harry Vardon na Ted Ray walikuwa ziarani, safari yao ikigharamiwa na Lord Northcliffe, mwenye gazeti la The Times. Francis, miaka 20, mchezaji wa ridhaa tu, akamaliza sawa nao kwa mapigo 304. Ikabidi warudiane mashimo 18, tarehe 20, mvua inanyesha. Mfuko wake kabebewa na Eddie Lowery, katoto ka miaka 10! Francis 72, Vardon 77, Ray 78. Na aliyekuwa akimwandikia mapigo ni Bernard Darwin, mwandishi wa The Times hiyo hiyo, mjukuu wa yule Charles Darwin. Northcliffe kagharamia safari, halafu mtu wake ndiye anahesabu kipigo.

Magazeti yakapagawa. Maskini kawafunga wakubwa! Hawakugusia sana kwamba Vardon naye ni mtoto wa mtunza bustani, kule Jersey.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Mwaka 1914 Francis akachukua ubingwa wa ridhaa wa Marekani. Mwaka 1916 wakuu wa USGA wakamvua uridhaa kisa kafungua duka la vifaa vya michezo na rafiki yake. Jamani, wenye fedha za urithi wangehitaji duka la nini? Walimrudishia 1918, baada ya kuingia jeshini. Mwaka 1931 akautwaa ubingwa ule tena.

Mwaka 1951 akawa nahodha wa klabu ya Royal and Ancient kule St Andrews, Mmarekani wa kwanza. Alifariki 1967. Mfuko wenye jina lake, ulioanzishwa 1949, unasomesha vijana wanaofanya kazi viwanja vya gofu Massachusetts.