Dunlop: Daktari wa mifugo aliyeubebesha upepo mzigo

NI nadra kwa dereva anayesimama kwenye kituo cha petroli kujaza matairi upepo kumkumbuka John Boyd Dunlop. Wengi hudhani jina hilo ni la kampuni tu. Hata hivyo, mwenyewe alikuwa daktari wa mifugo ambaye hakuwahi kusomea uhandisi.

Dunlop alizaliwa Februari 5, 1840, katika kijiji cha Dreghorn, Uskoti, kwa wazazi wakulima. Alisomea utabibu wa mifugo jijini Edinburgh na kuhitimu akiwa na umri wa miaka 19 pekee. Mnamo 1867 alihamia Ireland, na baadaye akafungua zahanati ya mifugo jijini Belfast ambayo ilinawiri mno.

Uvumbuzi wake ulianzia nyumbani mwaka 1887. Mwanawe, Johnny, alikuwa akitaabika kuendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu kwenye barabara za mawe. Enzi hizo, magurudumu yalivishwa mpira mgumu usio na upepo, na kila jiwe lilimtikisa mwendeshaji hadi mifupani. Dunlop alitengeneza tubu ya mpira mwembamba, akaifunga kwa kitambaa kuzunguka duara la mbao, kisha akaijaza upepo kwa pampu ya kandanda. Alipoviringisha gurudumu hilo uani sambamba na la zamani, lake lilikwenda mbali zaidi.

Mnamo Desemba 1888 alipewa hataza. Mwaka uliofuata, mwendeshaji baiskeli Willie Hume alitumia matairi hayo katika mashindano ya Belfast na kuwabwaga wapinzani wake wote. Mfanyabiashara Harvey du Cros alivutiwa, na kampuni ikaanzishwa jijini Dublin mwaka huo huo wa 1889.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Muda si muda, ilibainika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amesajili wazo kama hilo mwaka 1845, na hataza ya Dunlop ikabatilishwa. Mwaka 1895 alijiuzulu kutoka kampuni hiyo. Mwaka mmoja tu baadaye, kampuni iliuzwa kwa pauni milioni 3, naye hakuwemo miongoni mwa walioneemeka.

Alichowaachia walimwengu ni kanuni iliyo rahisi, ingawa hupuuzwa na wengi. Kinachobeba gari hasa si mpira, bali upepo ulioshindiliwa ndani yake. Tairi jembamba lina nafasi ndogo ya upepo, hivyo huhitaji presha kubwa. Tairi pana na nene hubeba mzigo uo huo kwa presha ndogo zaidi. Ndiyo maana tairi la baiskeli ya mashindano huweza kujazwa presha inayozidi ya gari dogo maradufu, ilhali baiskeli yenyewe ni nyepesi.

Kwa sababu hiyo, anayebadilisha ukubwa wa matairi hapaswi kung'ang'ania tu presha iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwani iliwekewa matairi ya ukubwa ulioainishwa na mtengenezaji. Wala asifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi, ambayo ni kikomo tu. Ni heri atazame jedwali la mizigo la mtengenezaji wa tairi, atafute presha itakayoliwezesha tairi jipya kubeba uzito sawa na lile la awali, kisha apime matairi yakiwa baridi, kabla ya safari.

Baada ya hapo, tairi lenyewe litatoa ushahidi. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili, upepo umepungua. Hatari kubwa ni upungufu. Tairi lililolegea hupindapinda na kupata joto jingi, na linaweza kupasuka gari likiwa mbioni.

Dunlop aliaga dunia jijini Dublin mnamo Oktoba 23, 1921, akiwa na umri wa miaka 81. Hakufa tajiri mkubwa kama wengi wanavyodhani. Lakini kila gari linalopita juu ya jiwe bila kumrusha abiria wake linaendeleza kazi iliyoanza kwa baba aliyemhurumia mwanawe.