Pinchback: Gavana mweusi wa kwanza Marekani aliyekaa madarakani wiki tano

Wengi wanadhani gavana wa kwanza mweusi nchini Marekani ni Douglas Wilder, aliyechaguliwa Virginia mwaka 1989. Wilder ni wa kwanza kuchaguliwa kwa kura. Lakini zaidi ya karne moja kabla yake, kiti cha ugavana wa Louisiana kilikaliwa na P.B.S. Pinchback, na leo tunawaletea habari zake.

Pinchback alizaliwa Macon, Georgia, Mei 10, 1837. Baba yake alikuwa Mzungu mwenye mashamba, mama yake mtumwa aliyeachwa huru. Baba alipofariki mwaka 1848, mama alikimbilia Ohio na wanawe, akihofia wasije wakarudishwa utumwani. Akiwa bado mtoto, Pinchback akaanza kibarua kwenye meli za mtoni.

Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe alikuwa kapteni katika jeshi la Muungano, akajiuzulu mwaka 1863 kwa kuchoshwa na ubaguzi. Mwaka 1868 akaingia Seneti ya jimbo. Naibu gavana Oscar Dunn, naye mweusi, alipofariki mwaka 1871, Pinchback akashika nafasi yake.

Kisha ukaja uchaguzi wa gavana wa Novemba 1872, kati ya William Pitt Kellogg wa Republican na John McEnery, aliyeungwa mkono na Democrats pamoja na gavana aliyekuwepo, Henry Warmoth. Kila upande ulikuwa na bodi yake ya kuhesabu kura, na kila bodi ikamtangaza mtu wake. Warmoth akashtakiwa na wawakilishi na kusimamishwa, Pinchback akawa gavana kuanzia Desemba 9, 1872 hadi Januari 13, 1873.

Wagombea wote wawili wakaapishwa! Rais Grant alimtambua Kellogg, lakini ugomvi haukuisha. Aprili 13, 1873, huko Colfax, Wazungu wenye silaha waliwaua makumi ya watu weusi, wengi wao wakiwa wameshasalimu amri.

Pinchback naye alichaguliwa na bunge la jimbo kwenda Seneti ya Marekani. Walimzungusha miaka mitatu, na mwaka 1876 wakamkataa kwa kura 32 dhidi ya 29. Alifariki Washington Desemba 21, 1921.

Baada yake ilipita miaka 117 kabla ya mweusi mwingine kuwa gavana. Tunachojifunza ni kwamba kupiga kura ni jambo moja, na kukubaliwa kwa matokeo yake ni jambo lingine, tena lililogharimu roho za watu.