MAISHA YA BWANA HORNBY, MWALIMU ALIYEPIMA SENTENSI ZA KINGEREZA



Wengi wetu tunajua ile dikisioneri nene ya Oxford ya wanafunzi wa Kingereza. Lakini mtu aliyeianzisha tunamjua? Jina lake ni Albert Sydney Hornby. Tumeona vema kuandika maisha yake humu, sababu alitumika kwa ajili ya watu kama sisi, ambao Kingereza si lugha ya mama yao.

Alizaliwa mwaka 1898 kule Chester, Uingereza, akasoma Kingereza London. Mwaka 1924 alienda Japani kufundisha kwa masomo ya biashara katika mji wa Oita. Wanafunzi wa kule walifika katika Kingereza na mawazo ya Kijapani, sawa vile sisi tunafika na Kifaransa na Kiswahili. Huko Tokyo kulikuwa Bwana Harold Palmer, ambaye mwaka 1923 alianzisha ofisi ya kuchunguza mafundisho ya Kingereza. Hornby akaungana naye katika kazi ya kukusanya maneno yanayozoea kutembea pamoja.

Kazi hiyo inatufundisha kuuliza sentensi maulizo mawili. La kwanza: sheria ya grameri inairuhusu? La pili: Waingereza wenyewe wanasema hivyo? Tuangalie mifano ya kwetu. Mtu akiandika "I am agree", ameanguka kwa ulizo la kwanza. Kifaransa ndicho kilimdanganya. Lakini akiandika "I have eighteen years", grameri haina neno juu ya maneno yale, ila Mwingereza hatoi umri wake namna hiyo. Anasema "I am eighteen". Vilevile mvua kubwa kwao si "big rain", ni "heavy rain", ndiyo kusema mvua nzito. Kwa nini nzito? Hakuna sheria. Ni desturi tu, na desturi inajifunzwa.

Basi Hornby, pamoja na Gatenby na Wakefield, akatunga dikisioneri ya kuonyesha mambo haya. Walipanga verbe katika mifano 25, na kila verbe ikapewa namba za mifano yake. Kwa hiyo mwanafunzi anaona kama "He told me to go" ni sawa, lakini "He suggested me to go" si sawa, hata kama zinafanana kama mapacha. Majina pia yalitiwa alama: haya yanahesabika, yale hapana. Ndiyo sababu "informations" ya Kifaransa inakatazwa.

Kisha vita ikaingia. Mwezi wa 12 mwaka 1941 Japani na Uingereza wakawa maadui, na Hornby akawekwa kizuizini. Hata hivyo kitabu chake kilitolewa Tokyo mwaka 1942, wakati wa vita ile ile. Mwaka ule aliachiliwa, akatoka Japani, na baadaye akatumika katika Irani. Mwaka 1946 alianzisha gazeti la walimu wa Kingereza. Mwaka 1948 Oxford wakachapa dikisioneri yake upya, na tangu hapo imeenea dunia yote. Mwaka 1961 alianzisha mfuko wa kusaidia walimu wa Kingereza wa inchi nyingine. Alikufa mwaka 1978, akiwa na miaka 80.

Wenzetu, tunapata nini hapa? Kuna wadogo wetu katika kalasi za chini ambao hawafungui tena kinywa saa ya Kingereza, juu wenzao wanawacheka. Anayecheka mara nyingi hajui yeye mwenyewe kosa liko wapi. Hornby alichukua makosa ya wageni kama kazi ya maisha yake, si kama mchezo. Basi tufanye hivi: mwenzako akikosea, fungueni dikisioneri pamoja, tafuteni verbe, someni mfano, kisha aseme tena. Sisi wa mwaka wa mwisho tutaanza, na ninyi mtufuate.