Mchungaji Dkt. Johann Ludwig Krapf (1810–1881): Mume, Baba na Mtumishi wa Bwana

Mwanzoni mwa mwaka 1850 chombo cha tanga kilishuka kutoka Mombasa kuelekea kusini. Kilipita Kilwa, Lindi na Mikindani, kikavuka mbele ya mlango wa mto Ruvuma na kufika Rasi Delgado. Ndani yake walikuwamo wamisionari wawili, Johann Ludwig Krapf na mwenzake Jakob Erhardt. Hawakuanzisha usharika wowote katika safari ile. Hata hivyo, katika mwaka huu wa kutimiza miaka mia moja, tumeona ni vema kumkumbuka Krapf. Jina lake ni maarufu kwa sababu ya lugha na safari zake. Sisi tungependa kumkumbuka hasa kama mtu mwenye nyumba.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alilelewa katika Kanisa la Kilutheri la Württemberg, akasoma theolojia Tübingen, kisha akatumwa Uhabeshi na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza, CMS. Mwaka 1842 alifunga ndoa mjini Alexandria, Misri, na Rosine Dietrich, binti aliyetoka Basel, Uswisi, akasafiri mbali kuja kuolewa na mtu wa safari.

Ndoa yao haikudumu hata miaka miwili. Mwaka 1843, wakiwa njiani kuingia Uhabeshi, Mama Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto, msichana, hakuishi. Wazazi wakampa jina Eneba, maana yake chozi kwa lugha ya Kiamhari, wakamzika huko huko njiani. Milango ya Uhabeshi ilipofungwa mbele yao, waligeukia pwani yetu. Januari 1844 Krapf alifika Unguja, ambako Seyyid Said alimpa barua ya kumwombea mapokezi mema kwa maliwali wake, na mwaka huo huo yeye na mkewe wakafanya makao Mombasa.

Tarehe 8 Juni 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhidin. Kazi ilikuwa bado changa homa ilipoingia nyumbani. Mama Rosine alikuwa amekaribia kujifungua. Mume na mke wakaugua pamoja. Alijifungua mtoto wa kike, na tarehe 13 Julai akafariki dunia. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata mama yake. Mumewe, akiwa bado dhaifu kwa homa ile ile, alitimiza ombi lake la mwisho: azikwe ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, mahali wapitapo watu wa nchi ile, ili kaburi liwakumbushe neno aliloletewa kwao. Kaburi hilo liko Mkomani, karibu na Nyali, hadi leo.

Mzazi yeyote wa Mikindani au Msimbati aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa hahitaji kuelezwa usiku ule ulikuwaje. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba homa ya malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897, Krapf akiwa amekwisha kufa. Hata hivyo tusiharakishe kulifunika jambo hili kwa maneno mazuri. Wito aliuitikia mume, lakini gharama yake kubwa aliilipa mke. Mara nyingi vitabu vya historia ya Kanisa huhesabu vituo, shule na majengo, na mama aliyezikwa kando ya njia hupewa mstari mmoja. Usharika unaotunza kumbukumbu zake kwa uaminifu hauna budi kumwandika naye.

Krapf angeweza kurudi kwao, wala hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki peke yake karibu miaka miwili, akijifunza lugha na kukusanya maneno, mpaka Johannes Rebmann alipomfikia mwezi Juni 1846. Pamoja walianzisha kituo cha Rabai. Upole wake ulionekana kwa Mringe, mlemavu maskini aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuipokea Injili huko. Aliyepoteza jamaa yake alifanya jamaa na watu aliowakuta. Na alipopita pwani yetu ya kusini mwaka 1850, hakufumba macho kuhusu biashara ya watumwa iliyopitia Kilwa, bali aliwaandikia watu wa Ulaya habari zake. Huenda aliyezika watoto wake wawili alijua uzito wa mtoto kuondolewa kwa mama yake.

Afya ilimlazimu kurudi Ulaya mwaka 1853, akakaa Korntal. Alioa tena mwaka 1856. Mke huyo naye alifariki, na baadaye akaoa mara ya tatu. Mwaka 1862 alirudi pwani kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanza kazi Ribe. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitolewa mwaka 1882. Miaka mitano baadaye, mwaka 1887, misioni ya Kilutheri ilianza kazi Dar es Salaam.

Ndugu zangu, maisha haya yanatuachia deni. Kila mchungaji, mwinjilisti na parishi waka aliyetumwa katika pwani hii ana mke au mume, ana watoto, na wao pia wanabeba wito huo. Usharika unapoingia karne ya pili, na uulize kama nyumba ya mtumishi ina chakula, dawa na chandarua, kabla ya kuuliza idadi ya waliobatizwa. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumemheshimu Krapf, na Mama Rosine zaidi.

Mungu apewe sifa kwa ajili yao wote. Amina.