MAISHA YA DAKTARI ALBERT COOK WA MENGO

Ni desturi njema kwamba, baada ya hesabu za fedha na majina ya waliolipa ada, taarifa ya mwaka iwe pia na jambo la kusomwa nyumbani pamoja na jamaa. Mwaka huu twaleta mbele ya wazee wetu na wanachama wenzetu maisha ya Sir Albert Ruskin Cook, daktari wa misheni aliyeanzisha hospitali ya Mengo katika nchi ya Buganda. Hatukumchagua kwa sababu ya dini yake, maana wengi wetu hapa Kinondo ni Waislamu, na chama hiki ni cha watu wote. Tumemchagua kwa sababu ya hoja iliyo mbele ya mkutano mkuu, yaani kutumia mfuko wa elimu kuwasomesha binti zetu uuguzi na ukunga. Yeye na mkewe waliihangaikia hoja kama hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita, na yaliyowapata katika kuihangaikia yaweza kutufaa.

Albert Cook alizaliwa tarehe 22 Machi 1870 katika mtaa wa Hampstead, London. Alisoma katika chuo kikuu cha Cambridge, kisha akajifunza utabibu katika hospitali ya St Bartholomew's, ambayo ni miongoni mwa hospitali kongwe za Uingereza. Daktari kijana mwenye elimu ya namna hiyo angeweza kukaa kwao na kupata riziki pana. Yeye alijitoa kwa shirika la Church Missionary Society, lile ambalo wazee wa pwani walilijua kwa herufi zake CMS, kwa sababu ya kituo chake cha Rabai na kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Mwishoni mwa mwaka 1896 alifika Mombasa pamoja na wamisionari wenzake, na miongoni mwao alikuwamo muuguzi mmoja, Bibi Katharine Timpson. Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, basi safari ilikuwa ya miguu, kiasi cha maili 800, kwa njia ya misafara iliyopita nyika ya Taru, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Kwale. Kila chupa ya dawa, kila kisu cha kupasulia na kila bandeji ilichukuliwa kichwani na mpagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili. Yafaa tuwakumbuke wapagazi hao, ingawa majina yao hayakuandikwa vitabuni. Hospitali ya Mengo ilianza juu ya vichwa vyao.

Walifika Mengo Februari 1897, na katika mwezi uo huo daktari alianza kuwatazama wagonjwa. Hapakuwa na jengo. Inasimuliwa kwamba kazi ya kwanza ilifanyika chini ya mti. Baadaye mwaka huo hospitali ndogo ikajengwa kwa miti, matete, udongo na nyasi, kama nyumba nyingine za mahali pale. Bibi Timpson ndiye aliyekuwa msimamizi wa wauguzi, na mwaka 1900 wawili hao walioana. Ndugu yake daktari, Jack Cook, naye pia daktari, aliwafuata mwaka 1899.

Haukuwa wakati wa amani. Mwezi Julai 1897 Kabaka Mwanga aliukimbia mji wake mkuu na kupigana na Waingereza, na kabla ya mwaka kwisha askari wa Kisudani waliotumikia serikali waliasi na kujifungia katika ngome ya Luba, upande wa Busoga. Daktari Cook alikwenda huko kuwatibu majeruhi. Mwenzake wa misheni, George Pilkington, aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa lugha ya Kiganda, aliuawa katika vita hivyo mwezi Desemba. Hivyo mwaka wa kwanza wa daktari huyu ulipita katika homa, vidonda na majeraha ya risasi, na dawa zilizokwisha hazikuweza kupatikana upya ila kwa msafara mwingine wa miezi kutoka pwani.

Wagonjwa walizidi, na mwaka 1900 hospitali kubwa zaidi ikafunguliwa. Mwezi Novemba 1902 radi iliipiga nayo ikateketea. Kazi ya miaka iliungua kwa muda mfupi. Walakini walijenga tena, safari hii kwa matofali, na hospitali mpya ikafunguliwa mwaka 1904. Wakati huo reli ilikuwa imekwisha fika ziwani tangu Desemba 1901, na vifaa vilivyoshushwa katika bandari ya Mombasa havikuhitaji tena kichwa cha mpagazi katika njia yote.

Jambo lililoleta jina la ndugu hawa wawili mbele ya ulimwengu ni ugonjwa wa malale. Mwaka 1901 waliwaona hapo Mengo wagonjwa waliokuwa wakikonda, wakisinzia mchana na kupotewa na akili, nao wakatambua kwamba ni malale, maradhi yaliyojulikana katika nchi za magharibi ya Afrika na ambayo hayakuwa yameandikwa Uganda kabla ya hapo. Wakatoa habari. Wataalamu wakatumwa kutoka Uingereza, na kufikia mwaka 1903 ilijulikana kwamba ugonjwa huletwa na kijidudu cha damuni, na kwamba mwenye kukieneza ni mbung'o. Wafugaji wetu wa pande za Shimba Hills wanamjua inzi huyo kwa madhara anayoyafanya katika ng'ombe. Huko kando ya ziwa aliua watu. Zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka michache, na serikali ikawahamisha waliobaki kutoka visiwani na ufukweni. Daktari Cook hakuwa na dawa ya kuwaponya. Aliweza kuona mapema, kuandika na kutoa habari, na hilo nalo lilikuwa na thamani yake.

Hapa twapenda kusema jambo ambalo karani yeyote atalifurahia. Tangu siku za mwanzo daktari huyu aliandika habari za kila mgonjwa aliyelazwa: umri, dalili, matibabu na mwisho wake, na mara nyingine alichora picha ya uvimbe au kidonda alichokiona. Madaftari hayo yalifungwa kama vitabu na kuhifadhiwa. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Denis Burkitt, alieleza habari za saratani ya taya inayowapata watoto wa Afrika, na watu wengi walidhani ni ugonjwa uliogunduliwa wakati huo. Yalipofunguliwa madaftari ya Mengo, uvimbe wa namna hiyo ulionekana umekwisha andikwa humo tangu mwanzo wa karne. Aliyeandika hakujua maandishi yake yatafaa nini wala yatamfaa nani, bali aliyaandika sawasawa na kuyatunza.

Sasa twaja kwenye jambo lenyewe. Kwa miaka mingi Daktari Cook na mkewe waliona kwamba hospitali moja, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kuwafikia akina mama walio mbali. Mama anayeshikwa na uchungu usiku, maili nyingi kutoka Mengo, hafaidiki na daktari mwenye elimu ya Cambridge. Amfaaye ni mtu aliye karibu, anayejua kazi, na ambaye mama huyo anaelewana naye kwa lugha. Kwa hiyo mwaka 1918 Bibi Cook alianzisha chuo cha kuwafundisha wasichana wa Uganda kazi ya ukunga, na baadaye chuo hicho kiliitwa kwa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa wakati huo. Mafunzo yalitolewa kwa Kiganda. Daktari mwenyewe alikuwa amekwisha tunga, mwaka 1903, kitabu cha maneno ya utabibu kwa Kiingereza na Kiganda, na yeye pamoja na mkewe waliandika kitabu cha ukunga kwa lugha hiyo hiyo.

Wengi walisita. Ukunga ulikuwa kazi ya wanawake watu wazima waliokwisha zaa, na kumweka msichana asiyeolewa kando ya kitanda cha mzazi kulionekana ni kinyume cha adabu. Wazazi waliogopa pia kwamba binti atakaa mbali na macho ya mama yake. Wazee wetu hawatayaona maneno haya kuwa mageni, kwa kuwa tumeyasikia katika vikao vyetu wenyewe. Bibi Cook hakuyadharau. Aliwaweka wasichana chini ya uangalizi mkali, na walipofuzu wakapelekwa katika vituo vidogo vya uzazi vijijini. Watu walipoona mama amerudi nyumbani na mtoto wake mzima, maneno yakapungua yenyewe.

Yapasa tuseme na upande wa pili, maana maisha ya mtu yakisimuliwa kwa sifa tupu si historia. Chuo hicho kilizaliwa katika juhudi za kupiga vita kaswende, na Daktari Cook aliamini kwamba sehemu kubwa sana ya Waganda walikuwa na ugonjwa huo. Wachunguzi wa miaka ya baadaye wameonyesha kwamba hesabu ile ilizidi kiasi. Wengi waliohesabiwa yamkini walikuwa na buba, ugonjwa wa ngozi na mifupa ambao watoto huambukizana kwa kugusana, usio na uhusiano na zinaa. Vijidudu vya maradhi hayo mawili vinafanana mno, na kipimo cha damu cha siku zile hakikuweza kuvitenganisha. Kutokana na kosa hilo taifa zima lilisemwa vibaya, na wanawake hasa walibebeshwa aibu isiyokuwa yao. Kadhalika mgonjwa wa Mengo alisikilizishwa mahubiri pamoja na kupewa dawa, apende asipende. Mambo hayo yalikuwa ya zama zake, naye hakujitenga nayo. Hata hivyo wakunga waliofundishwa waliwahudumia akina mama, na faida hiyo ilibaki hata hesabu iliyoleta chuo ilipoonekana si sahihi.

Wala Mengo haikuwa peke yake. Watawa wa Kikatoliki walioongozwa na Mama Kevin walianza kazi ya utabibu katika kilima cha Nsambya mwaka 1903. Serikali nayo ilijenga hospitali yake Mulago, na tangu mwaka 1924 mafunzo ya utabibu yakatolewa Makerere. Mwaka 1931 chuo cha wauguzi kilifunguliwa Mengo. Hivyo katika muda wa umri wa mtu mmoja, nchi iliyomwona daktari akifanya kazi chini ya mti ilipata wauguzi, wakunga na madaktari wa damu yake yenyewe.

Daktari Cook alipewa cheo cha Sir mwaka 1932, akastaafu mwaka 1934. Hakurudi Uingereza kumalizia siku zake. Alibaki Uganda, na mkewe alipofariki mwaka 1938 alibaki vilevile. Mwaka 1945 kilitolewa kitabu chake cha kumbukumbu za Uganda. Alifariki tarehe 23 Aprili 1951, mwenye umri wa miaka 81, akazikwa Namirembe, karibu na hospitali yake. Hospitali ya Mengo ingali inafanya kazi, na maktaba ya utabibu ya Makerere inaitwa kwa jina lake.

Wanachama wenzetu, twaweza kuuliza ni kipi kati ya vitu alivyovifanya kilichodumu. Jengo la kwanza lilikuwa la nyasi, la pili liliungua. Wagonjwa aliowapasua kwa mkono wake wamekwisha kufa zamani. Vilivyobaki ni viwili: watu waliofundishwa, ambao nao walifundisha wengine, na maandishi yaliyotunzwa. Vyote viwili havihitaji mali nyingi kama vinavyohitaji subira, na vyote viwili vimo katika uwezo wa chama cha kijiji.

Sisi wa Kinondo tuna bahati ambayo watu wa mbali na Mengo hawakuwa nayo mwaka 1918. Msambweni, penye hospitali kubwa na chuo cha kufundishia wauguzi, si mbali nasi, na binti anayesoma huko aweza kurudi kwao siku za mapumziko akaonekana na wazee wake. Hata hivyo mama wa kijijini, usiku wa mvua, njia ikiwa imejaa maji, hali yake haikutofautiana sana na ile ya mama wa Buganda. Wakunga wetu wa jadi wametuzalisha wengi wetu, na heshima yao haiondolewi na hoja hii. Inaombwa kwamba binti zao na wajukuu wao wapate elimu ya kuongeza juu ya ile waliyoirithi.

Kwa hiyo kamati yaomba mambo mawili. La kwanza, kila mwenye binti aliyemaliza shule ya sekondari na mwenye nia ya kazi hii alete jina lake kwa karani kabla ya mkutano mkuu. La pili, wazee wanaoona vigumu jambo hili wasikae nyumbani, bali waje walizungumze hadharani, ili shauri likikatwa liwe ni shauri la wote. Majina yataandikwa katika daftari la chama, pamoja na fedha zitakazotolewa kwa kila mmoja na maendeleo yake mwaka hadi mwaka, na daftari hilo litakuwa wazi kwa kila mwanachama kulisoma.